Kengele ya Spika

Kibanda changu cha kushonea viatu kimeegemea ukuta wa kinyozi, kwa hiyo mambo ya nyumba ile sikuhadithiwa na wapita njia. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe nikiwa kwenye kiti chake na taulo shingoni, maana kinyozi na mteja wake hawafichani.

Tulimwita Waya. Chumba chake cha kunyolea kilikuwa na nyaya nyingi kuliko nywele. Juu ya kabati la vitana na poda kulikuwa na redio zilizopasuliwa matumbo, vibao vyenye taa ndogo za kukonyeza, na mkebe wa biskuti uliojaa vipande alivyovinyofoa kwenye televisheni zilizokufa. Hakuwa fundi umeme, na hakuna aliyempelekea kazi. Alikuwa anacheza tu, kama wengine wanavyocheza karata. Wateja wakipungua anashika pasi yake ya kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, moshi unapanda kwenye kioo, naye anapiga mluzi wa mtu aliyesahau njaa.

Mkewe tulimwita Spika. Alikuwa ananadi nguo za mitumba sokoni, na sauti yake ilikuwa mali ya soko zima. Akiita watu upande wa viazi, walioko upande wa mkaa wanageuka. Waya alipenda kusema, "Mimi huyu sikumchumbia. Niliitwa, nikaenda." Tulikuwa tumeshaisikia mara zisizo na idadi na bado tulicheka, kwa sababu Spika mwenyewe alikuwa akijibu kutoka uani, "Na hukuchelewa!"

Ugonjwa ulianzia mkononi. Nguo zilimponyoka wakati wa kuzipunga, akasema ni uchovu. Kisha mguu ukawa unaburuta. Kisha ulimi ukawa mzito, maneno yanatoka yamelowana, na wateja wapya wakadhani amelewa. Hospitali waliwazungusha sana kabla daktari mmoja hajawakalisha chini. Alisema mishipa inayopeleka amri za mwili inakufa mmoja baada ya mwingine, na dawa ya kuirudisha haipo. Halafu akaongeza, kama anayetoa habari njema, "Akili yake haitaguswa."

"Ndiyo hiyo niliyoiogopa," Waya aliniambia.

Nyumba yao ilikuwa ndefu na nyembamba. Mbele ni chumba cha kunyolea, halafu ukumbi mwembamba, halafu ua mdogo wenye kamba ya kuanikia, na chumba cha kulala kiko nyuma kabisa. Spika alipoanza kulala mchana kutwa, tatizo likawa ni jinsi ya kuita. Yule aliyewageuza watu wa mkaa sasa hakuweza kusikika hata mlangoni pa chumba chake. Waya alimwekea kengele ya kawaida ya mlangoni, ile ambayo ukibonyeza inalia na ukiachia inanyamaza. Lakini kidole cha Spika hakikuwa na nguvu ya kushikilia. Kiligusa kikaanguka. Mbele ilisikika "tik" tu, na mashine ya kunyolea ikiwa inaunguruma hata hiyo tik haikusikika.

Hapo ndipo alipotoa chipu kwenye mkebe. Alinionyesha kwenye kiganja: kidude cheusi chenye miguu minane, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. "Kazi yake ni kuhesabu muda," alisema. "Ukiugusa mguu wa pili hata kidogo tu, mguu wa tatu unatoa umeme na unaushikilia mpaka muda uliopanga uishe. Yeye atagusa kama nzi anavyotua. Chipu itampigia kelele kwa niaba yake."

"Basi umempatia Spika spika," nikamwambia.

Alicheka. Ni kitambo sikuwa nimemsikia akicheka.

Mtambo wa kwanza haukukubali. Aliugusa, kengele ikalia, na haikunyamaza mpaka alipong'oa betri. Alitoa mita yake akaanza kupima mguu mmoja mmoja, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Mguu wa nane una umeme. Wa kwanza uko sawa. Wa nne umefungwa unavyotakiwa. Ule wa sita ndio uliokuwa unapanda taratibu, kisha unakwama njiani.

"Kapasita inavuja," alitangaza. "Jirani, hii ni ndoo. Chipu inangoja ndoo ijae ndipo izime. Sasa ndoo ina tundu, itajaa lini?"

Akaweka kapasita nyingine, mpya, na mtambo ukatii. Uliguswa, ukalia, ukahesabu, ukanyamaza. Akavuta waya mrefu kutoka kitandani, ukapita chini ya mlango, ukakatiza ua juu ya kamba ya kuanikia, ukafuata ukumbi mpaka mbele. Kwenye pembe ya kioo akafunga taa nyekundu, ili hata mashine ikiwa inaunguruma aione. Siku ya kujaribu, mimi nilisimama uani kama mwamuzi wa mpira. Spika aligusa. Mbele kengele ikapiga kelele, na Waya akajibu kwa sauti ya sokoni, "Nimesikia, mama! Nakuja!"

Spika alicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kama kikohozi, lakini macho yalikuwa ni yale yale.

Furaha yenyewe haikukaa. Kesho yake tu kengele ililia, Waya akaacha kichwa cha mteja na kukimbia nyuma. Spika alimtazama kwa mshangao. Hakuwa ameita. Ililia tena baadaye, na tena. Siku nyingine ilikuwa kimya asubuhi nzima, halafu mchana ikalia mfululizo. Kila mara Waya alikimbia, slipa zikipiga sakafu ya ukumbi, taulo begani, na kila mara alikuta mkewe ametulia, mkono umelala kando ya kitufe.

"Chipu ni feki," aliamua.

Akaenda kwa muuza vipuri, akarudi na nyingine. Ililia ovyo vile vile. Akarudi akachukua kadhaa kwa mpigo, za maduka tofauti. Ili kuzipima alijenga kibao cha majaribio chenye soketi na taa mbili: ukipachika chipu nzima, taa zinapokezana, hii inawaka ile inazima. Ukipachika mbovu, taa moja inabaki inakutumbulia jicho. Nilimkuta amezipanga kwenye kitambaa cheupe cha kunyolea, anazipachika moja moja. Taa zikapokezana. Akang'oa, akapachika nyingine, zikapokezana. Moja tu, yenye maandishi yaliyofutika, ndiyo iliyokufa, akaitupa mtaroni kwa hasira kana kwamba ndiyo iliyomroga mkewe.

"Zilizobaki zote ni nzima," aliniambia. "Hapa kwenye kibao ni malaika. Nikizipeleka kule zinakuwa mashetani."

"Huenda kosa si la chipu," nikasema.

"Ni la nani, basi? Waya ni waya tu. Kitufe nimekibadilisha. Ni chipu."

Nikarudi kwenye viatu vyangu. Mimi ni mtu wa gundi na uzi.

Kukimbia kwenyewe kukaanza kumchosha. Wateja nao walianza kunung'unika, maana si raha kukaa na povu kwenye kidevu huku kinyozi anakimbizana na kengele. Kwanza akaacha kukimbia, akawa anatembea. Halafu akawa anamaliza anachofanya kwanza. Halafu, taa nyekundu ikiwaka, anaitupia jicho na kumwambia mteja, "Ipuuze hiyo, ina wazimu." Nilimsikia akisema hivyo mimi mwenyewe, na sikuona ubaya wowote. Mtu huzoea hata kilio.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho wa mwezi, wateja wamejaa mpaka kwenye benchi la nje. Kengele ililia. Waya hakugeuka. Ikanyamaza, ikalia tena, na mtu mmoja kwenye benchi akatania, "Shemeji anakuita ukale." Watu wakacheka. Ikalia mara ya tatu. Waya akanyoosha mkono, akachomoa waya wa kengele kwenye mtambo, akaendelea kunyoa.

Alipokwenda nyuma, baada ya kumaliza vichwa viwili kati ya vilivyokuwa vinangoja zamu, alimkuta Spika ameteleza kutoka kwenye mito, shingo imepinda, uso umegandamana na ukuta. Mate yamempalia. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mkono ulikuwa umenyooka nyuma yake, kidole bado kimegusa kitufe.

Nilisikia yowe nikaruka na sindano mkononi. Tulimwinua, tukampigapiga mgongo, akavuta pumzi moja kama mlango wenye kutu. Aliishi. Lakini kifua kilikuwa kimeshaharibika. Alilazwa, na aliporudi nyumbani hakuwa yule aliyeondoka. Mkono wa kushoto ulikuwa umeaga kabisa. Sauti ilibaki mnong'ono, na mnong'ono wenyewe ulihitaji sikio liwekwe mdomoni.

Waya hakulia mbele yetu. Alinyoa. Ukimsemesha alijibu "naam" na "hapana." Redio zake zilikaa na vumbi, na ule mluzi sikuusikia tena. Lakini mtambo wa kengele hakuutupa. Aliurudisha kioo kilipo, akawa anautazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemng'ata.

Alilipata kosa siku umeme ulipokatika. Mtambo ulikuwa na betri yake, kwa hiyo uliendelea kuwa hai. Yeye alikuwa ananyoa kwa mkasi, na kutwa nzima kengele haikulia hata mara moja, isipokuwa pale Spika alipoita kweli. Alasiri umeme ukarudi. Mteja akamwambia, "Sasa tumia mashine, bwana, mkasi unanivuta." Waya akawasha mashine. Kengele ikalia.

Akaizima. Akaiwasha. Kimya. Akaizima, akaiwasha tena. Kengele.

Nilimwona kupitia mlangoni amesimama na mashine mkononi, haendi mbele wala nyuma. Kisha akaenda kwenye mtambo, akachomoa ule waya mrefu wa kutoka chumbani, akaanza kuwasha na kuzima mashine, mara nyingi, mpaka mteja akashuka kitini mwenyewe kwa woga. Kengele ilikaa kimya. Akarudisha waya mrefu. Akawasha. Kengele.

"Ni waya," aliniambia, sauti haina chochote ndani. "Waya mrefu vile unadaka kelele za mashine kama antena inavyodaka redio. Chipu inadhani imeguswa. Chipu haikuwa na kosa, Jirani. Iliambiwa imeguswa, ikalia. Nilikuwa naiwasha mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Matengenezo yalikuwa madogo kiasi cha kutia aibu. Aling'oa ule waya mrefu akaweka waya wa antena ya televisheni, ule wenye wavu unaozunguka waya wa ndani. Mguu wa pili akaufunga kwenye chanya ya betri kwa rezista, kijiti kinachoukaza zaidi, ili usitikiswe na kila kelele inayopita. Akatia kapasita mbili ndogo, kila moja kama punje ya dengu, kwenye mguu wa pili na wa tano. Halafu akawasha mashine mbili kwa pamoja, na feni, na redio. Kengele haikuitika. Akaniomba niende nyuma nimsaidie Spika kugusa. Ikalia mara moja, ikahesabu, ikanyamaza.

Hakupiga kelele ya kujibu safari hii. Alikuja tu.

Tangu hapo kengele ikawa nzuri kama ya kununuliwa, na nyumba ikawa kimya. Spika hakuwa mtu wa kusumbua. Aliita kwa ajili ya maji, au kugeuzwa, au nzi aliyetua usoni, na hata nzi alimvumilia kwanza. Saa zilipita bila taa kuwaka. Wateja walisifu. Waya alimaliza vichwa bila kukatizwa.

Siku moja alikuwa anamlisha uji kwa kijiko, Spika akasogeza macho kumwonyesha kwamba anataka kusema. Waya akainama, sikio likagusa midomo.

"Kengele imekufa?" Spika aliuliza.

"Haijafa, mama. Imepona. Hailii tena bila wewe kuita."

Spika alipumzika, akakusanya pumzi.

"Ilipokuwa mbovu," akasema, "ulikuwa unakuja."

Waya alinieleza haya nikiwa kitini, na wembe wake ukiwa kwenye shavu langu, kwa hiyo sikuweza kumgeukia. Alisema alimuuliza mkewe kwa nini basi haiti. Spika alinong'ona kwamba hana anachotaka. Ataita aseme nini? Mtu anaacha kazi, anakimbia, anafika, halafu amwambie nimekuita nikuone tu? Zamani kengele ilimwita kwa niaba yake na lawama zikabebwa na chipu.

"Kwa hiyo utafanyaje?" nikamuuliza wembe ulipotoka.

"Nitakuwa nakwenda. Hakuna haja ya kengele. Kila nikimaliza kichwa, nakwenda."

Na alikwenda, nimtendee haki. Mwanzoni kila kichwa kilipokwisha alipita ukumbini, akakaa kidogo kitandani, akamweleza nani amekuja na amesema upuuzi gani. Lakini kazi ni kazi. Siku wateja wakiwa wengi, alikwenda baada ya vichwa viwili, halafu vitatu. Alichoka. Usiku alikuwa halali kwa kumgeuza. Mara nyingine nilimwona amesimama mlangoni pa ukumbi, mkono kwenye kizingiti, kisha anarudi na kumwambia anayefuata, "Karibu, kaa." Ule uso wa mtu anayejiambia atakwenda baadaye kidogo, sote tunaujua.

Kisha mkono wa kulia nao ukaanza kuaga. Kitufe kikawa kigumu. Waya akakitoa, akaweka vipande viwili vyembamba vya bati vilivyokaribiana kiasi kwamba hata ncha ya kidole ingeviunganisha. Kwa muda vilisaidia. Kidole kilipokataa, akavihamishia kwenye mto, ili avibane kwa shavu. Shavu lilifaa siku chache, halafu kichwa kikawa hakigeuki bila kugeuzwa. Akaanza kunieleza habari ya taa isiyoonekana ambayo ingemulika jicho na kujua likipepesa. Alikuwa ameshapata vipande. Alikuwa ameshaanza kuchomelea.

Spika alimtazama akichomelea kando ya kitanda. Waya alipoinama kumsikiliza, alisikia neno moja.

"Acha."

Akazima pasi ya risasi. Akavikusanya vile vipande akavitia mfukoni mwa shati, akakaa pale mpaka pasi ilipopoa.

Dada yake Spika ndiye aliyekuja kukaa nao baada ya hapo. Mwanamke mnyamavu, mnene wa mabega, aliyejua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Alihamia na mkeka wake chumbani mle mle. Hapakuwa tena na haja ya kuita mtu kutoka mbele, na Waya akang'oa waya wa antena, akauzungusha kwenye kiwiko, akautundika nyuma ya mlango. Taa ya kwenye kioo aliisahau. Ikabaki pale haina kazi.

Spika alikufa asubuhi ya kawaida kabisa, mimi nikiwa kwenye kiti cha Waya. Upande wa kushoto wa kichwa changu ulikuwa umekwisha, wa kulia bado. Shemeji yake alitokea ukumbini akifuta mikono kwa khanga. Hakupiga kelele.

"Shemeji," alisema, "zima mashine."

Waya hakuizima. Nadhani hakusikia, au alisikia akataka asisikie. Akaisogeza kichwani kwangu akaendelea, mstari mmoja mpaka utosini. Mimi ndiye niliyenyanyuka, nikaishika mashine ile mkononi mwake, nikaizima.

"Nenda," nikamwambia.

"Sijakumaliza."

"Nywele zangu hazina haraka, ndugu yangu. Nenda ndani."

Akatazama taulo lililo begani mwangu, akalitoa, akalikung'uta nywele kwa utaratibu kama kawaida yake, akalikunja, akaliweka juu ya kabati. Ndipo akaenda. Hakukimbia.

Tulimzika kesho yake. Nilivaa kofia, lakini kaburini nililazimika kuivua, na nilisimama pale na kichwa changu cha nusu mbele ya soko zima. Hakuna aliyecheka. Watu wa viazi walikuwepo, na wa mkaa. Mmoja wao alijaribu kusema jambo kuhusu sauti ya marehemu, akashindwa katikati, akarudi kwenye safu.

Duka lilifungwa kwa muda. Vinyozi wengine wapo, na mmoja aliniita mara kadhaa nilipopita barabarani, "Njoo nikusawazishe, mzee, unatisha watoto." Sikwenda. Nilivaa kofia na joto lile, nikashona viatu vyangu.

Siku alipofungua mlango, nilikuwa wa kwanza kuingia. Alikuwa amekonda. Alinifunga taulo shingoni, akanivua kofia, akasimama nyuma yangu akinitazama kwenye kioo. Upande ule alionyoa ulikuwa umeota tayari, na ule ambao hakuumaliza ulikuwa umerefuka zaidi.

"Siwezi kuendelea nilipoishia," alisema. "Hazitalingana."

"Fanya unavyojua."

"Itabidi nianze upya zote."

"Basi anza."

Akawasha mashine. Alininyoa taratibu. Alipomaliza akanipaka poda shingoni, akageuka, akamwita anayefuata. Hakukuwa na mtu. Benchi la nje lilikuwa tupu. Akaketi yeye mwenyewe kwenye kiti kile, mikono mapajani, akatazama barabara.